Siku moja Pugu: wapelekeni watoto wauone mto wetu unakozaliwa



Mpenzi msomaji wa ukurasa huu wa familia, likizo ya Juni imekaribia, na miongoni mwa maswali yaliyotufikia limo moja linalostahiki jibu refu. Mama mmoja wa Buguruni Malapa, mwenye watoto wanne, anauliza awapeleke wapi wanawe siku moja ya likizo. Anataka mahali pasipohitaji fedha nyingi, pasipo na makelele ya muziki wala mambo yasiyolaiki mbele ya watoto, na ambapo mama mkwe wake, aliyevuka miaka sitini, ataweza kutembea bila kuelemewa. Anaongeza kuwa baba wa watoto hao ni mchuuzi wa Kariakoo, hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurejea watoto wakiwa wamelala. Jumapili peke yake ndiyo siku anayoweza kuungana nao.

Dada yetu, jibu letu ni fupi kuliko swali: nendeni Pugu, mkatembee msituni. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, na namna gani.

Pugu tunayoijua na ile tusiyoijua

Sisi wakazi wa Buguruni, Vingunguti na Ilala tunaitaja Pugu karibu kila siku, lakini kwa mambo mengine. Tunaijua kwa mnada wake wa ng'ombe, maana nyama inayotoka katika machinjio ya Vingunguti hupitia huko ikiwa bado ina miguu minne. Tunaijua kwa dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako malori humwaga taka tunazozitoa majumbani mwetu. Vijana wanaijua kwa shule yake ya sekondari, na wazee wanaijua kwa sababu Mwalimu Nyerere alifundisha hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Nyuma ya mnada, dampo na shule upo msitu. Unakaa juu ya vilima vinavyoanza pale jiji linapokwisha, mpakani mwa Dar es Salaam na Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Zamani ilikuwa misitu miwili ya hifadhi iliyopakana, Pugu na Kazimzumbwi. Leo imeunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu–Kazimzumbwi, yenye zaidi ya hekta 7,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni sehemu iliyosalia ya ukanda wa misitu ya pwani ambao hapo kale ulikuwa mkubwa zaidi, kutoka Kenya hadi Msumbiji, na ambao sasa umebaki vipande vipande kama viraka vya kanzu kuukuu.

Kwa burudani peke yake msitu huo ungetosha kuwa jibu la swali la dada yetu. Lakini ipo sababu nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tuchukue nafasi yote hii kuieleza. Katika vilima hivyo ndimo unamoanzia mto Msimbazi, mto huu huu unaopita ubavuni mwa mitaa yetu, na ambao watoto wetu wanaujua kama mtaro mkubwa wenye harufu mbaya. Mtoto wa Buguruni aliyefika umri wa miaka kumi bila kujua kuwa maji yale yana mwanzo, na kwamba mwanzo wake ni safi, amenyimwa elimu iliyo karibu na mlango wake.

Kufika kwake

Safari yenyewe haizidi kilomita 30. Kutoka Buguruni mtapanda daladala ya Gongo la Mboto, ipitie Tazara, Kipawa penye uwanja wa ndege, kisha Ukonga. Gongo la Mboto mtabadili na kupanda gari la Kisarawe. Mkishapita Pugu Kajiungeni, barabara huanza kupanda na kujipinda, hewa hubadilika ghafla, na miti husogea mpaka ukingoni mwa lami. Mwambieni konda awashushe kwenye geti la hifadhi.

Njia hiyo ina historia inayofaa kuwasimulia watoto wakiwa ndani ya gari. Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha Pugu ndiko alikokuwa akitoka kuja mjini kuonana na wenzake wa harakati, akina Abdulwahid Sykes na wazee wengine wa Kariakoo na Gerezani, katika miaka ile ambayo TAA iligeuka kuwa TANU, Julai 1954. Wazee wetu husimulia kuwa safari nyingine alizifanya kwa miguu. Mtoto anayelalamika kwamba Gongo la Mboto ni mbali aelezwe hilo, kisha aulizwe tena kama amechoka.

Getini mtapokelewa na maofisa wa hifadhi. Kiingilio hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, kwa njia ya simu, na raia wa Tanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Ombeni mwongozaji. Msimwone kuwa ni gharama ya ziada, kwa kuwa yeye ndiye atakayewaonyesha vitu ambavyo macho yetu ya mjini huvipita bila kuviona.

Njia ya duara

Mwambieni mwongozaji kuwa mna bibi na watoto, awachagulie mzunguko mfupi wa saa mbili hivi kwa mwendo wa taratibu, unaoanzia getini na kurudi hapo hapo. Huu mtindo wa njia ya duara una hekima yake. Huko Ufaransa, vijiji vingi vya mashambani vina njia za namna hii zinazoingia msituni na kumrudisha mtu alipoanzia. Hupakwa alama ya rangi ya manjano juu ya miti na mawe, na penye njia panda alama ya msalaba humwonya mtembeaji kuwa amepotea. Jumapili utaona babu, mama na wajukuu wakitembea pamoja, wala hakuna anayewauliza wanakwenda wapi.

Kwetu sisi mtu akionekana anatembea bila shughuli huulizwa kama amepatwa na jambo. Tumezoea kutembea kwa haja: sokoni, msikitini, hospitalini, msibani. Familia nzima kutembea pamoja kwa saa mbili, bila mmoja kutangulia na mwingine kubaki nyuma akijibu simu, ni jambo geni katika nyumba nyingi. Njia ya duara husaidia hapo, kwani hakuna mahali pa kuwahi kufika. Bibi akitaka kuketi juu ya gogo, wote huketi. Baba ambaye wiki nzima hajapata kusikia sauti ya mwanawe wa tatu atausikia mkururo wa maswali yake, na hatakuwa na mteja wa kumkimbilia.

Yaliyomo ndani

Hatua chache tu baada ya kuingia, jambo la kwanza watakalolihisi watoto ni ubaridi. Majani ya juu yamefungamana kama paa, jua linapenya kwa matundutundu, na chini mna zulia la majani yaliyooza ambalo hubonyea mguu ukikanyaga. Waambieni wainame, wafunue majani hayo kwa kijiti, na washike udongo wa chini yake. Hata wakati wa kiangazi wataukuta una unyevu. Hilo wasilisahau, maana tutalirudia.

Kisha mwongozaji awaonyeshe miti. Upo mkongo, ambao watu wa visiwani na mwambao wengi huuita mbambakofi, mti ambao mbao zake zimechonga milango mingi ya fahari ya pwani. Mbegu zake ni nyeusi zenye kofia nyekundu, nzuri mno machoni pa mtoto. Upo msandarusi, unaotoa utomvu uitwao sandarusi. Katika karne ya 19 sandarusi ya Mrima ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa za Zanzibar, ikipakiwa majahazini na kuvuka bahari mpaka Marekani, katika bandari ya Salem, ikageuzwa vanishi ya kung'arishia samani za matajiri. Na ipo mitambaazi ya mibungo, ile inayozaa mabungo. Wengi wetu tumeinywa juisi ya mabungo wakati wa kufuturu, ikiwa katika jagi lenye barafu, lakini ni wangapi wamewahi kuuona mmea wenyewe ukijizongomeza juu ya mti?

Wataalamu wa mimea wamevipa baadhi ya vichaka vya huko jina la Pugu lenyewe: mmoja huitwa Baphia puguensis, mwingine Millettia puguensis. Mtoto anayesoma sayansi atafurahi kujua kuwa jina la kituo cha daladala anachokisikia kila siku limeandikwa katika vitabu vya elimu ya mimea duniani.

Wanyama wa msitu huu ni wa kuwaonea subira. Kima na tumbili wataonekana juu ya matawi bila shida. Hondohondo watasikika kabla ya kuonekana. Mmoja wao hulia kama mtoto mchanga, na mara nyingi wageni hugeuka kutafuta mama wa mtoto. Mkinyamaza vyema huenda mkamwona sange, kiumbe mdogo mwenye miguu mirefu na pua ndefu inayochezacheza, mgongo mweusi na ubavu wa rangi ya kutu, akipekua majani kutafuta wadudu. Yupo pia komba wa Rondo, ambaye hatoki ila usiku. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani mepesi kuliko yai kubwa la kuku, na hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Hamtamwona mchana. Inatosha watoto kujua kuwa yumo, amelala mahali fulani juu ya vichwa vyao.

Upande wa Minaki lipo bwawa, na hapo ndipo mahali pazuri pa kupumzika na kula. Yapo pia mashimo ya udongo mweupe wa kaolini, ule unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, rangi na karatasi, pamoja na mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa zamani ambamo popo wamefanya makazi yao. Mashimo na mapango hayo watoto wayaone kwa mbali. Asiingie mtu bila mwongozaji, na bwawani asisogee mtoto bila mtu mzima kumshika mkono.

Vilima vya Pugu havifiki mita 400 juu ya usawa wa bahari, lakini vinatosha. Mkiwa mahali pa juu palipo wazi, siku isiyo na ukungu, geukeni mtazame mashariki. Bonde linateremka kuelekea jijini. Hapo ndipo mahali pa kuwaelezea watoto habari ya mto.

Mto ule ule

Msimbazi una urefu wa kilomita 35 hivi. Huanza katika vilima hivi kwa vijito vyembamba ambavyo mtoto anaweza kuviruka. Hushuka Pugu, ukapita Kinyerezi, ukafika Tabata na Vingunguti, ukatupitia sisi wa Buguruni, ukaenda Kigogo, ukatanda Jangwani, na mwisho ukaingia baharini penye daraja la Salender. Njiani hupokea maji ya mito ya Ubungo na Sinza. Kadhalika hupokea mengine yasiyo na heri: maji ya viwanda, majitaka, na taka ngumu za kila nyumba iliyoona mtaro ni jaa. Kwa miaka mingi wataalamu wameonya kuhusu metali nzito katika maji hayo na katika mchicha unaomwagiliwa kwayo bondeni, mchicha ambao huletwa masokoni mwetu ukiwa umefungwa mafungu ya kuvutia.

Wazee wa Buguruni Kisiwani hawahitaji kuelezwa mto huo unaweza kufanya nini. Tarehe 20 Desemba 2011, siku chache baada ya kuadhimishwa kwa miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara, mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha jijini. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, maelfu wakakosa makazi, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo karibu kila masika barabara ya Jangwani hufungwa, na karibu kila masika wapo majirani zetu wanaoamka usiku wakikuta magodoro yanaelea.

Mafuriko yana sababu nyingi: ujenzi katika njia ya maji, mitaro iliyozibwa, mvua zinazozidi kuwa kali. Lakini moja ya sababu hizo iko huko juu, na ni rahisi kuielewa mtu akiwa amesimama msituni. Mvua inaponyesha juu ya miti, tone haliipigi ardhi moja kwa moja. Hupokewa na majani, likateremka kwa shina, likatua juu ya lile zulia la majani yaliyooza, likanywewa kama sifongo. Mizizi imeufungua udongo, hivyo maji huzama chini na kutoka polepole kwa siku na wiki nyingi. Ndiyo maana udongo ule una unyevu wakati wa kiangazi.

Ondoa miti, na kila kitu hugeuka. Tone hupiga udongo mtupu, huubandua, na maji hukimbia juu ya ardhi yakiubeba. Mvua ambayo msitu ungeiachia kwa wiki mbili hutufikia kwa saa chache. Tena haiji peke yake, huja na mchanga. Mchanga huo hutua pale ambapo mto unapunguza mwendo, yaani huku kwetu na Jangwani, ukainua kitako cha mto. Mto ulioinuka kitako hauna pa kuweka maji yake ila majumbani mwa watu. Serikali huchimba na kuondoa mchanga huo, na sasa upo mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Lakini kuchota mchanga huku chini ilhali vilima vinavuliwa nguo huko juu ni kazi isiyo na mwisho.

Gunia la mkaa jikoni mwetu

Ni nani anayevivua nguo? Ni rahisi kumtaja mchoma mkaa, mtu maskini mwenye shoka na baiskeli. Kweli, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imeumizwa sana na mkaa, pamoja na mashamba na ujenzi wa wavamizi, na maofisa wa misitu wamepambana na hayo miaka nenda miaka rudi. Lakini mchoma mkaa hachomi ili aote moto. Anachoma kwa sababu yupo mtu Buguruni atakayenunua sado moja leo jioni. Kwa makisio ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009, takriban nusu ya mkaa wote wa Tanzania ulikuwa ukiungua katika majiko ya Dar es Salaam.

Hatusemi haya kumlaumu mama anayepika maharage kwa mkaa. Mwenye kipato cha siku kwa siku hununua mkaa kwa sababu mkaa unauzwa kwa kipimo cha siku kwa siku, na mtungi wa gesi kwa kawaida hauuzwi hivyo. Serikali imeanza na wakubwa: taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na mkakati wa nishati safi unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Huku tukisubiri, yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tumia jiko sanifu, ambalo kwa mkaa ule ule hupika zaidi. Loweka maharage usiku kucha. Funika sufuria. Na mwenye uwezo wa gesi asione fahari kuweka mtungi sebuleni kama pambo huku maandazi, maharage na maji ya kuoga vyote vikiendelea kupikwa kwa mkaa.

Yote hayo mtoto hawezi kuyaelewa kwa kuambiwa. Atayaelewa akiwa ameona kisiki kilichokatwa kando ya mti uliosimama, na akiwa ameshika udongo wa chini ya kila kimoja.

Jaribio la nyumbani

Mkirudi, wasaidieni watoto kufanya jaribio hili siku ya pili, yale waliyoyaona yakiwa bado mapya akilini. Chukueni chupa mbili kubwa za maji, mzilaze na kukata dirisha upande wa juu. Zijazeni udongo wa uani, wala msiubebe wa hifadhini. Moja muifunike kwa majani makavu na nyasi, nyingine muiache na udongo mtupu. Zilazeni kwa mteremko kidogo, midomo ikiwa wazi kuelekea chini, na chini ya kila mdomo wekeni glasi. Kisha mimineni kopo moja la maji polepole juu ya kila chupa. Glasi moja itajaa upesi, maji yake yakiwa mekundu kwa tope. Nyingine itachelewa, na maji yake yatakuwa meupe zaidi. Muulizeni mtoto: ipi ni Pugu yenye miti, na ipi isiyo na miti? Na nyumba yetu ya Buguruni, katika jaribio hili, ni kitu gani? Mwacheni ajibu mwenyewe kwamba ni glasi.

Maandalizi

Nendeni kuanzia Juni hadi Septemba, kipupwe kikiwa kimeingia. Wakati wa masika njia huteleza, na bibi hatakiwi kuteleza. Tokeni nyumbani mara baada ya Alfajiri, muwe msituni kabla jua halijawa kali. Mkifanya hivyo, mzunguko utakwisha mapema, na Adhuhuri itawakuta mmekwisha kupumzika. Mnaweza kuswali hapo hapo penye uwazi au katika mojawapo ya misikiti ya Kisarawe mjini. Bebeni msala mwepesi na chupa moja ya maji iliyotengwa kwa ajili ya udhu, ili mtoto asiimalize kwa kiu.

Kuhusu mavazi, kinamama wasihofu. Baibui halizuii kutembea msituni mradi lisiburure chini; vaeni suruali ndani na raba miguuni. Watoto wavae mikono mirefu na soksi ndefu, kwa sababu ya kupe na siafu. Wasiguse maganda yenye manyoya yanayoning'inia vichakani, kwani huenda ni upupu, na upupu hauna huruma. Wasiingize mikono mashimoni. Bibi apewe fimbo nzuri, na awe yeye ndiye anayeamua mwendo.

Chakula kiwe cha kushika mkononi: chapati, mayai ya kuchemsha, mihogo, tende, ndizi. Msiwashe moto. Kila kilichoingia na nyinyi kitoke na nyinyi, hata ganda la yai. Sheria ya mifuko ya plastiki imetusaidia tangu Juni 2019, lakini chupa na vifungashio bado ni vingi, na mtoto aliyekatazwa kutupa chupa Pugu atauliza kwa nini mjomba anaitupa mtaroni Buguruni. Jiandaeni kwa swali hilo, kwani ndilo tunda la safari.

Msichume, msing'oe, msibebe mbegu. Mwenye kutamani mti apande wake nyumbani. Uani mwetu ni padogo, lakini mpapai au mwarobaini hupata pa kusimama, na mafundisho yetu yanatuambia wazi kuwa mti ambao ndege au mtu hula matunda yake ni sadaka kwa aliyeupanda.

Neno kwa baba

Tunamalizia kwa baba wa watoto hawa wanne, na wengine wengi mfano wake. Ndugu yetu, tunajua Jumapili ni siku yako pekee ya kulala. Tunajua pia kuwa Kariakoo haimsubiri mtu. Lakini hesabu ni hii: nauli ya watu saba kwenda na kurudi, kiingilio, na chapati za nyumbani. Kinachobaki ni asubuhi moja ya uhai wako. Mpe binti yako asubuhi hiyo, umwonyeshe kijito anachoweza kukiruka, umwambie: huu ndio Msimbazi. Mvua ijayo itakapopiga bati usiku, naye akauliza maji haya yanatoka wapi, utakuwa na mahali pa kumkumbusha.

Tuandikieni mkisharudi, mtueleze watoto waliuliza nini. Juma lijalo, insha'Allah, tutajibu maswali yenu kuhusu kuhifadhi chakula nyumbani bila friji.

Wabillahi tawfiq.